Papa Labo Aliyebishana na Mashini

Kama niko hai leo na ninakanyaga cherehani yangu hapa sokoni Kasongo, ni kwa sababu ya mzee mmoja mwenye kisirani. Mzee huyo aliambiwa na daktari, na mashini, na shangazi yangu wa damu kwamba amekosea, akawakatalia wote watatu. Sisi tulimwita Papa Labo, kwa ajili ya labo, yaani maabara ya hospitali, alikofanya kazi. Jina analo, na watoto wake walilitumia shuleni, lakini ukilitaja mjini hakuna atakayejua unamtaka nani. Alizaliwa wapi na nani aliyemzaa, hayo nawaachia ndugu zake wa upande wa Kabambare, wanaopenda kuyasimulia na hawakubaliani hata kidogo. Mimi naandika niliyoyaona.

Nilimjua kwanza kama mteja. Alikuja na kitambaa cheupe kwapani, akataka koti la kazi lenye mifuko minne. Nikamwambia koti la daktari huwa na mifuko mitatu.

“Miye si munganga,” akasema. “Munganga anauliza mutu. Miye nauliza damu yake. Weka ine.”

Nikaweka minne. Baadaye niligundua kwamba mfuko wa nne ulikuwa wa karanga za kukaanga, na kwamba alikula karanga hizo kazini, jambo ambalo alimkataza kila mtu mwingine kwa ukali wa ajabu. Ndivyo alivyokuwa. Sheria za labo alizijua zote, akazisimamia zote, isipokuwa kwake mwenyewe.

Alikuwa mwembamba, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata kwenye joto la kabla ya mvua. Sisi mafundi tunawapima watu kwa macho kabla ya utepe, nami nilimpima kama mtu asiyependa kuguswa. Sikukosea. Huyu aliyetoboa vidole vya mji mzima alikuwa akiogopa sindano kuliko watoto wa chekechea. Siku moja alishikwa na malaria kazini, akatetemeka mpaka meno yanagongana, na mwenzake alipochukua sindano, mzee akatoka mbio na koti lake. Wauguzi walimkamata getini. Alitazama juu, akasoma zaburi kwa sauti mpaka tone likatoka, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakampigia makofi.

“Damu ya wengine njo kazi,” alijitetea wiki nzima. “Yangu ni yangu.”

Labo yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi. Dirishani palikuwa na hadubini, na kwenye kona palikuwa na mashini ya kupima kikohozi cha kifua kikuu. Mashini hiyo unaipa makohozi, inakaa, inakuambia ndiyo au hapana. Papa Labo aliitukana kutwa. Aliiita mwanafunzi aliyekariri jibu moja. Lakini kila asubuhi aliifuta vumbi kabla ya kufuta meza yake, na mvua ilipoanza kuvuja alinijia akitaka niishonee kifuniko cha kitenge, kizuri, chenye pindo.

“Unaichukia na unaivalisha?” nikamuuliza.

“Haina kosa. Inatafuta kile walichoituma kutafuta. Kosa ni la mutu anayefikiri imetafuta vyote.”

Wakati huo niliona ni maneno ya mzee anayeogopa kufukuzwa kazi. Nilimdai sifa ya pindo, akanipa karanga.

Kuhusu bandama, yaani kile kiungo cha ubavu wa kushoto chini ya mbavu, lazima nieleze desturi yetu. Huku malaria haituachi, na mtu aliyeugua mara nyingi bandama yake huvimba. Wazee wetu wa Kizimba na wa Kibangubangu wana dawa: wanapapasa ubavu, wanatafuta ukingo wa uvimbe, kisha hapo hapo wanakata chale kwa wembe na kupaka dawa nyeusi. Uvimbe ukishuka zaidi, wanakata mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. Wauguzi wakiona chale hizo hugomba. Papa Labo alikuwa akigomba pia kuhusu wembe, maana wembe mmoja ulizunguka nyumba nyingi. Lakini akishamaliza kugomba alivuta kiti, akainua shati la mgonjwa, akasoma zile chale mstari kwa mstari.

“Hii walikukata lini?”

“Wakati wa kupanda mupunga, Papa.”

“Na hii ya chini?”

“Wakati wa kuvuna.”

Naye aliandika kwenye daftari: kati ya kupanda na kuvuna, imeshuka vidole vinne. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Shangazi yangu, ambaye ni mkataji chale anayeheshimika mpaka Nyangwe, aliposikia kwamba laborantin, mpimaji wa labo, anatumia kazi ya mikono yake kujua ugonjwa unakwenda mbio kiasi gani, alivimba kichwa mwezi mzima.

Daftari hilo alilianza kwa sababu ya mtu mmoja aliyekufa. Alinisimulia mwenyewe, siku nilipokuwa nimelala kwenye benchi lake bila nguvu, na alisimulia bila kujipendelea.

Mtu huyo alikuwa mchimba dhahabu wa Lusangi, mgeni kutoka mashariki. Alikuja na homa, amekonda, bandama imefika kitovuni. Papa Labo akamtoboa kidole, akaweka tone nene kwenye kioo, akaliangalia. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mpimaji anahesabu vimelea vya malaria, na wakati huohuo anahesabu chembe nyeupe za damu. Chembe nyeupe zikifika mia mbili, anaacha na kuandika amepata vimelea vingapi. Kwa kawaida inabidi kuhamisha kioo chini ya hadubini mara nyingi, sehemu baada ya sehemu, kabla ya kufika mia mbili. Kwa mchimbaji huyu alifika upesi sana, karibu bila kuhamisha.

“Nilifurahi,” aliniambia. “Foleni ilikuwa mpaka inje. Nilisema, aksanti Mungu, huyu ameisha mbio. Nikaandika: palu kidogo. Akaenda na dawa ya palu.”

Palu ndiyo malaria kwetu. Mtu yule alifariki kabla ya mvua nyingine. Kioo chake kilikuwa bado ndani ya sanduku. Papa Labo alikitoa siku moja akitafuta kitu kingine, akakitazama tena bila foleni, na ndipo akaona kwamba zile mia mbili zilikuwa zimejaa mahali padogo mno. Malaria alikuwa nayo kweli. Lakini alikuwa pia na saratani ya damu, ile inayozidisha chembe nyeupe polepole mpaka hazina pa kukaa, na yeye alikuwa ameiona kwa macho yake mawili na kuishukuru kwa kumwokolea muda.

Tangu siku hiyo akawa anahesabu vitu viwili: chembe, na mara ngapi amehamisha kioo. Wenzake walimcheka. Aliwatukana, akaendelea. Kwa miaka iliyofuata aliwakamata wagonjwa wachache wa aina hiyo, na wote walifanana: bandama kubwa, jasho la usiku, kukonda, chale mistari miwili mitatu. Aliwatuma Bukavu kwa daktari mmoja wa damu, mama mmoja aliyewahi kuja kuwafundisha, na huko mashini kubwa zaidi, ndugu ya ile ya kikohozi, ilikuwa inathibitisha. Wengine walipewa vidonge, wakapona kiasi cha kurudi shambani.

Halafu nikaja mimi, nisiyefanana na yeyote.

Ugonjwa wangu ulianzia nyayoni. Nikikanyaga cherehani, nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, vidole vya miguu vinakuwa vyekundu. Kichwa kinauma. Ufizi unatoa damu nikipiga mswaki. Nilifikiri ni uzee umekuja kunisalimia mapema. Fundi asiyeweza kukanyaga si fundi tena, na mimi ni mjane, cherehani ndiyo nyumba yangu, kwa hiyo nilijikaza mpaka nikaanguka juu ya vazi la bibi harusi.

Shangazi akaja na wembe wake. Alinipapasa ubavu wa kushoto, akapapasa tena, akaniambia nivute pumzi.

“Hapa hakuna kitu,” akasema. “Nitakata wapi? Bandama yako iko mahali pake. Weye una huzuni tu.”

Nikaenda labo nikitarajia kuambiwa nina malaria. Papa Labo aliinama kwenye hadubini, akahamisha kioo mara moja, mara ya pili, kisha akaacha. Akainuka. Sikuwahi kumwona akiacha karanga mdomoni bila kutafuna.

“Fundi,” akasema, “rudi ukae chini.”

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikarudi. Niliogopa, maana hadithi ya mchimbaji wa Lusangi mji wote uliijua.

Alitengeneza kioo kingine, chembamba, akakipaka rangi, akakitazama mpaka jua likahama dirishani. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, lakini karibu zote zilikuwa zimekomaa, si mchanganyiko wa changa na pevu aliouzoea kwa wale wengine. Na zile chembe ndogo zinazogandisha damu zilikuwa zimetapakaa kila mahali kama unga uliomwagika. Alibandika simu kwenye jicho la hadubini, akapiga picha, akamtumia daktari wa Bukavu. Akanipapasa ubavu, akaandika daftarini: bandama, hata kidole kimoja hakuna. Nyayo zinawaka. Akapigia mstari.

Nilikwenda Bukavu na barua yake. Damu yangu ikaingizwa kwenye mashini kubwa. Jibu likatoka: hapana. Hana ile saratani ya damu.

Msijidanganye kwamba nilifurahi. Nilirudi Kasongo nimechoka kuliko nilivyokwenda, na nyayo zikiwaka vilevile. Daktari mkuu wetu, kijana mwenye adabu, alisoma jibu na kusema tufunge faili, tutafute sababu nyingine, labda uambukizo, labda maji. Shangazi alisema alikwisha sema. Ndugu zangu wakaanza kunitafutia mtu wa maombi na mtu wa mizizi, wote kwa pamoja, ili asikosekane mmoja.

Papa Labo aliitwa atie sahihi kwenye faili. Alisimama mbele ya daktari mkuu na koti lake la mifuko minne.

“Nakatala.”

“Papa, mashini imesema hapana.”

“Imesema hapana kwa kile ilichotafuta. Walitafuta wapi? Uliza! Miye nimeona damu hii. Huyu mama hafanani na wengine, na ile damu yake haifanani na ya wengine. Basi na kile kilichoharibika ndani hakifanani. Kiko mahali pengine.”

“Una uhakika?”

“Hapana. Lakini nilishakuwa na uhakika siku moja, na mutu akakufa.”

Kalamu ikawekwa chini. Daktari mkuu hakutia sahihi pia. Kijana yule namheshimu kwa hilo mpaka leo, kwani ni rahisi sana kumdharau mzee mwenye karanga mfukoni.

Papa Labo akampigia daktari wa Bukavu, simu ikiwa kwenye sauti ya juu, nami nimekaa pembeni. Mwanzoni alipiga kelele kama kawaida yake. Kisha yule mama akamwomba amsomee kila kitu kilicho daftarini, naye akasoma taratibu: chembe, bandama, nyayo, ufizi. Akaombwa arudie ya nyayo. Halafu yule mama akasema, “Papa, umenifundisha kazi. Mulete tena.”

Safari hii damu yangu haikuishia Bukavu. Ilipelekwa nje ya nchi, kwa watu wanaotazama nyuzi zenyewe zilizo ndani ya chembe za damu na kutafuta mahali pote. Nilisubiri. Nilishona kwa zamu, mguu mmoja ukikanyaga huku mwingine ukipumzika kwenye beseni la maji baridi. Kila nilipomwona Papa Labo akipita sokoni nilimtazama uso, naye alitikisa kichwa: bado.

Jibu lilipokuja alilileta mwenyewe, mchana, akikimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia isipokuwa ile siku ya sindano. Alisimama mbele ya kibanda changu akihema, akapiga ngumi juu ya meza yangu mpaka sindano zikaruka.

“Iko! Iko, Fundi! Wameiona!”

Watu walitutazama. Mzee anamshangilia mwanamke kwa kuwa na saratani! Lakini mimi nilielewa, nikapiga vigelegele peke yangu katikati ya soko. Ugonjwa wenye jina ulikuwa na dawa. Ule usio na jina ulikuwa unaniua bila hata kunisalimia.

Daktari wa Bukavu alinieleza baadaye, nami nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi zenye maagizo ya mwili. Katika ugonjwa huu nyuzi mbili zinakatika na kubadilishana ncha, na pale zinapoungana panatoka amri mbaya: zaeni, zaeni, msiache. Kwa wagonjwa karibu wote mshono huangukia mahali pamoja au pawili panapojulikana, na mashini ile ilifundishwa kutafuta hapo tu. Kwangu mimi mshono ulianguka mbele zaidi. Ukianguka kule, mara nyingi bandama haivimbi sana, chembe nyeupe hukomaa, na zile ndogo za kugandisha huzidi. Ndizo zilizokuwa zikinichoma nyayo. Nikamwambia, daktari, hilo fundi yeyote analijua. Suruali mbili za kitambaa kimoja, sogeza mshono wa paja kidogo tu, na wavaaji hawatatembea sawa.

Akacheka, akanipa vidonge. Kimoja kila siku, bila kukosa, bila malipo. Baada ya miezi michache niliweka miguu yote miwili juu ya pedali nikashona gauni zima bila kusimama. Nililia juu ya kitambaa cha watu.

Mngetegemea mtu mnyenyekevu kama wa hadithi. Hapana. Papa Labo alijisifu bila haya yoyote. Aliwaambia waumini kanisani kwake, akawaambia wenzangu waliotoka msikitini Ijumaa, akamwambia shangazi yangu usoni, ambaye alimjibu kwamba yeye alisema bandama ni nzima na bandama ilikuwa nzima. Walibishana mpaka wakawa marafiki. Kabla ya kustaafu alipaka ukuta wa labo maagizo mawili kwa rangi ya mafuta, makubwa, ili mrithi wake, binti mmoja wa upande wa Wamaza, asiweze kuyakwepa: HESABU UMEHAMISHA MARA NGAPI, na chini yake, MASHINI IKISEMA HAPANA, ULIZA ILITAFUTA WAPI. Uongozi ulilalamika kuhusu ukuta. Alipochukua pensheni yake alikwenda kulima mihogo upande wa Kabambare, mbali na barabara, na kwa muda mrefu sikumwona.

Nilimwendea mwaka huu, mwisho wa mvua. Safari ni ya pikipiki, na penye madaraja ya magogo unashuka utembee. Motari, yaani mwendesha pikipiki aliyenipeleka, nilionyeshwa na yule binti wa labo; ni mtu wa makamo, mpole, ambaye hakuniomba chochote njiani isipokuwa ruhusa ya kuingia nami uani tukifika.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba akimenya mihogo. Macho yake yamefunga utando, lakini sauti aliijua.

“Fundi! Umenenepa. Nasikia kiti kinalia.”

Mkewe akatuletea maji ya kunawa, na chakula kikaanza kupangwa. Nikamsomea karatasi yangu mpya kutoka Bukavu. Ule mshono mbaya hauonekani tena kwenye damu yangu.

“Walitafuta wapi?” akauliza papo hapo.

“Pale pangu, Papa. Si pale pa wengine.”

“Basi ni kweli,” akasema. Akampigia kelele jirani, na jirani akamwita jirani, mpaka ua ukajaa wanawake wanaopiga vigelegele kwa habari ambayo wengi hawakuielewa vizuri. Nilicheza nao. Nyayo zangu hizi nilizipiga chini mpaka vumbi likapanda.

Walipotawanyika, mzee akarudi kumenya mihogo. Aliuliza kama ukuta wameufuta.

“Hawajaufuta,” nikasema. “Na kuna mtu nimemleta kwa ajili ya ukuta huo.”

Motari akasogea mbele, akapiga goti, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

“Ni miye, Papa. Nilikuja labo na homa, bandama iko mpaka kitovuni. Watu wote walisema ni palu.”

“Ilikuwa palu?”

“Palu ilikuwako. Na ile ingine. Yule binti alihesabu vile uliandika ukutani, akasema nisiende nyumbani. Sasa nakunywa dawa, mwaka wa pili.”

Papa Labo akaangusha kisu cha mihogo. Akalia wazi wazi, mzee yule wa kisirani, akiwa ameshika mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuweza kumwona sura. Nami nililia, na sioni aibu kuliandika.

“Unakula?” hatimaye akauliza.

“Nakula sana, Papa.”

“Mama, mupe.”

Mkewe akampakulia wali na sombe ya majani ya mihogo na samaki. Mzee akageuza kiti chake, akatega sikio, akamsikiliza yule mtu akila mpaka mwisho, kisha akasema aongezewe.